Kuwaeleza watoto habari za vita vinavyoigusa familia yao

Mama mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia barua ndefu, nami kwa ridhaa yake naifupisha hapa:

"Mume wangu ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na dada yake anaishi huko na watoto wake mpaka leo. Tangu vita vya jeshi la serikali na waasi wa M23 vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na kisha Bukavu katikati ya Februari, nyumba yetu imebadilika. Kundi la WhatsApp la ukoo linajaa video usiku na mchana, na baadhi zinaonyesha maiti barabarani. Mtoto wetu wa miaka mitano anacheza mchezo wa kupiga watu risasi na kuwafunika kwa kanga zangu. Wa miaka tisa hataki kulala peke yake, na kila usiku ananiuliza kama wale askari watafika na hapa. Wa miaka kumi na minne hasemi kitu, ila nimemkuta saa saba za usiku akitazama video hizo. Mimi nimekuwa nikizima televisheni na kuwaambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Mume wangu anasema watoto wa Bukavu wanayaona hayo kwa macho yao, kwa hiyo wa kwetu hawana sababu ya kufichwa. Wifi yangu hapatikani kwa simu tangu wiki iliyopita. Je, niwafiche au niwaambie?"

Mama, pole sana, na pole zangu zimfikie pia mume wako, ambaye naona katika barua yako kwamba amebeba mzigo mzito kuliko anavyouonyesha.

Ninavyoelewa, ninyi wawili mnabishana juu ya mambo mawili kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni habari: kwamba kuna vita, kwamba shangazi yao yuko huko, kwamba baba ana wasiwasi na mama analala usingizi wa mang'amung'amu. La pili ni picha: miili, damu, milio ya risasi, vilio vya watu ambao watoto wako hawana namna ya kuwasaidia. Habari, watoto wanastahili kuambiwa, kila mmoja kwa kiasi cha umri wake, na wazielezwe na ninyi wazazi wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Picha zile wasizione, na hapo simtoi hata yule mkubwa. Kwa hiyo mume wako yuko sahihi katika la kwanza, nawe uko sahihi katika la pili, na mkikubaliana hivyo mtaweza kuzungumza na watoto kwa sauti moja.

Kuhusu kuficha, ukweli ni kwamba mmeshachelewa, na silisemi hili kwa kukulaumu. Mtoto anayeuliza kama askari watafika hapa ameshajua kwamba kuna askari. Mdogo anayefunika watu kwa kanga ameshaona, au amesikia, kwamba watu hufunikwa. Unapomwambia mtoto kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, haachi kuyafikiria. Anaacha kukuuliza wewe, na pengo lililobaki analijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Kwa watoto wengi mawazo hayo huwa mabaya kuliko hali halisi, na mara nyingi mtoto hujiweka mwenyewe katikati yake. Baba akiwa kimya mezani, mtoto wa miaka mitano anaweza kuamini kwamba baba amechukizwa naye, na wa miaka tisa anaweza kuamini kwamba kuna jambo baya limetokea nyumbani ambalo watu hawataki kumwambia. Ninaiheshimu desturi yetu ya kuwatoa watoto nje wakubwa wanapozungumza mazito, lakini ilifaa wakati ambapo mazungumzo yalibaki sebuleni. Siku hizi simu inaachwa juu ya kochi, na mazungumzo yote yamo ndani yake.

Sasa nieleze kwa nini nashikilia msimamo mkali juu ya picha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, wazazi na walimu waligundua kwamba baadhi ya watoto wadogo walioona maghorofa yakianguka kwenye televisheni, mara kwa mara kutwa nzima, walidhani kwamba kila marudio ni tukio jipya na kwamba majengo mengi yanaendelea kuanguka. Mtoto wako wa miaka mitano akiona video ileile mara nne, kwake watu wamekufa mara nne. Wala si watoto peke yao wanaoathirika. Baada ya mabomu kulipuliwa kwenye mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili 2013, watafiti waliwauliza watu wazima hali zao katika wiki zilizofuata, wakabaini kwamba waliofuatilia habari za tukio lile kwa saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na dalili kali zaidi za msongo kuliko watu waliokuwapo pale pale lilipotokea. Matokeo hayo yanalijibu kwa sehemu hoja ya mume wako. Mtoto aliye Bukavu yumo katika hatari kubwa isiyolinganishwa na ya watoto wako, na sitaki neno langu lolote lionekane kuipunguza. Lakini mtoto huyo ana mkono wa mama wa kushika, ana ndoo ya maji ya kubeba, anajua lini milio imenyamaza. Mtoto wa Dar es Salaam mwenye video peke yake, usiku, chini ya shuka, hana la kufanya na hana wa kumwambia kwamba imekwisha. Kumwonyesha maiti hakumfanyi awe karibu zaidi na binamu zake.

Anzeni na simu zenu leo hii. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp mnaweza kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe na zisihifadhiwe kwenye galari, ambako mtoto anayetafuta katuni huzikuta. Mume wako awaombe ndugu zake wafungue kundi la pili la habari za jamaa tu, yaani nani amepatikana, nani amevuka mpaka, nani anahitaji fedha, na lile la video libaki kwa wanaolitaka. Naamini wapo wengine katika ukoo ambao wamechoka na video hizo, ila kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza kusema. Televisheni nayo isiachwe ikinguruma kutwa nzima. Taarifa ya habari ya saa mbili inatosha, na wadogo wawe chumbani.

Kabla ya kumweleza mtoto yeyote, muulizeni kwanza. Maneno ninayoyapendelea ni haya: "Nimeona kwamba nyumbani tunazungumza sana habari za Bukavu. Wewe umesikia nini?" Kisha nyamazeni, na ukimya ukirefuka uacheni urefuke. Mtashangaa mtakayoyasikia. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuwa alisikia shuleni kwamba askari wa Tanzania walikuwa Kongo katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na wale wa Afrika Kusini na Malawi, akahitimisha kwamba nchi yetu iko vitani. Anaweza kuwa aliona misafara ya viongozi waliokuja Dar es Salaam kwenye mkutano wa pamoja wa SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Februari, akadhani wale ni wanajeshi wanaojiandaa. Kosa kama hilo hamwezi kulisahihisha msipolijua, na mkianza kwa kutoa maelezo mengi mtajibu maswali ambayo mtoto hakuwa nayo, na lile alilonalo litabaki.

Kwa huyo wa miaka mitano, maelezo yawe mafupi kiasi cha kuweza kuyarudia: "Kule anakoishi shangazi, mbali sana, kuna watu wanapigana kwa bunduki. Baba na mama wana huzuni kwa sababu tunampenda shangazi. Wewe hujakosea kitu. Hapa kwetu hakuna vita, na mimi nipo." Hayo yanamtosha. Umbali wa kilomita hana habari nao, wala historia ya Kongo haitamsaidia. Anachotaka kujua ni kama wewe utakuwapo asubuhi, kama uji utakuwapo, na kama kanga yako ya kujifunika ni ile ile.

Mchezo wake usikutishe, na nakuomba usimkaripie kwa ajili yake. Mtoto wa umri huo hawezi kukaa akasema, "Nimeogopa nilichokiona". Hukicheza, akajifanya yeye ndiye mwenye nguvu, na kwa njia hiyo hukipunguza ukali. Keti karibu yake, umtazame, na ukipata nafasi uulize kwa upole, "Huyu aliyelala anahitaji nini?" Mara nyingi mtoto mwenyewe ataleta daktari, au gari la wagonjwa, au bibi mwenye chai. Jambo la kuangalia ni kama mchezo unabadilika siku hadi siku. Lenore Terr, daktari wa akili za watoto nchini Marekani, ambaye aliwafuatilia kwa miaka watoto waliotekwa wakiwa kwenye basi la shule mjini Chowchilla, California, mwaka 1976, alieleza aina ya mchezo ambao mtoto anaurudia vilevile bila furaha yoyote, bila mwisho mwingine, na baada ya kuucheza anabaki na hofu ileile au zaidi. Mchezo wa namna hiyo ukiendelea kwa wiki kadhaa unahitaji msaada wa mtaalamu. Ule unaogeuka, ambao leo una risasi na kesho una hospitali, unafanya kazi yake vizuri.

Wa miaka tisa yuko katika umri mgumu zaidi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Ameshaelewa kwamba kifo ni cha kila mtu na kwamba aliyekufa harudi, jambo ambalo mdogo wake bado analitafuta. Lakini hajawa na uwezo wa kupima kama hatari aliyoiona inaweza kumfikia. Mleteeni ramani. Mwonyesheni Dar es Salaam, kisha Dodoma, mahali ambapo labda ameshafika au ana rafiki aliyefika, na mwacheni aone kwamba ukishafika Dodoma bado hujafika hata nusu ya njia. Mbele kuna Kigoma, kisha Ziwa Tanganyika lote kwa upana wake, na Bukavu iko ng'ambo, kaskazini zaidi. Kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 1,000. Kidole chake mwenyewe kikipita njia hiyo kitamfundisha zaidi ya maneno yenu.

Akiuliza, "Watafika hapa?", msimjibu kwamba hakuna baya litakalotokea kamwe. Anajua kwamba hamuwezi kulijua hilo, na siku akigundua kwamba mlisema uongo kwa nia njema atakosa mahali pa kuegemea. Mwambieni: "Vita hivyo viko Kongo, si hapa kwetu, na hatuoni dalili yoyote kwamba vitafika hapa. Kazi ya kufuatilia habari hizo ni yangu na baba yako. Si kazi yako." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo naitilia mkazo kuliko zote. Watoto wa umri huu hujipa zamu ya ulinzi. Hukaa macho wakisikiliza kama geti limefungwa, kama baba amerudi, kama simu imeita. Mtoto anahitaji kuambiwa kwa maneno ya wazi kwamba zamu hiyo ni ya wakubwa na kwamba yeye aende akalale.

Maswali yake yapewe muda maalumu mchana au jioni mapema, baada ya kula na kabla ya kuoga, si kitandani. Atakapouliza tena usiku, na atauliza, jibu lilelile fupi kwa sauti ileile, kwa sababu saa hizo hatafuti habari mpya. Mkumbushe kwamba kesho jioni kuna nafasi ya kuzungumza. Mfundishe kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa kinywa taratibu zaidi ya alivyoivuta, mara kadhaa. Ukiifanya pamoja naye itakufaa wewe pia. Kama nyumba yenu husali, sala ya jioni imtaje shangazi kwa jina, kisha iendelee na mambo mengine ya siku. Kulala na nduguye au mlango kuachwa wazi kwa wiki chache si kumdekeza. Akilalamika tumbo au kichwa asubuhi za kwenda shule, usimwambie anajifanya. Maumivu hayo ni ya kweli hata pale daktari asipoona ugonjwa.

Nataka kukaa zaidi kwa yule wa miaka kumi na minne, kwa kuwa ukimya wake umekufanya uandike juu yake mstari mmoja tu, na mimi ndiye nina wasiwasi naye zaidi.

Watafiti wa Marekani waliochunguza namna watoto wa huko walivyopokea habari za vita vya Ghuba mwaka 1991 waliona kwamba wadogo walisumbuliwa na vile walivyoviona kwa macho kwenye televisheni, ilhali wakubwa walisumbuliwa na mambo yasiyoonekana: maana ya vita, haki, na yatakayofuata. Mwanao amefika huko. Saa saba za usiku hatazami maiti kwa kupenda maiti. Anatafuta jibu la kwa nini watu wa ukoo wake wanateswa na dunia inaendelea na shughuli zake, na huenda anatafuta sura ya shangazi yake kati ya wale wanaotembea barabarani na magodoro vichwani. Mkimnyang'anya simu bila maneno, atatazama kwa rafiki yake. Baba yake amwite pembeni, wawe wawili tu, amwambie: "Najua unatazama. Hata mimi natazama, na usingizi unanipotea. Naomba tuache wote wawili usiku, na mchana tukae tusome pamoja habari zilizoandikwa." Simu zote za nyumbani, ya baba ikiwamo, zilale sebuleni kuanzia saa tatu za usiku. Sheria ambayo baba naye anaifuata, kijana hataiona kama adhabu.

Mfundisheni pia kwamba si kila anachokiona ni kweli. Kila vita vinapozuka, video za zamani au za nchi nyingine husambazwa upya zikiwa na majina mapya. Ajizoeze kuuliza ni nani aliyeichukua, lini, na wapi, na je, chombo cha habari kinachojulikana kimeithibitisha? Kijana wa umri huo hupenda kazi hiyo, na inampa kitu cha kushika badala ya kumezwa na anachokitazama.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja, lakini najua limo ndani ya makundi ya aina hiyo, nalo ni chuki. Kwa kuwa Rwanda inashutumiwa kuwaunga mkono waasi, katika maumivu yao watu huandika maneno juu ya Wanyarwanda wote, juu ya Watutsi wote, juu ya Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo walioko Kivu Kusini, ambao ni majirani wa familia ya mume wako kwa vizazi. Kijana anayasoma. Shuleni kwake Dar es Salaam huenda kuna mwenzake mwenye asili ya Rwanda ambaye hana kosa lolote. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilitumika nchini Rwanda kuwachochea majirani wawaue majirani, na baada ya mauaji ya kimbari watu zaidi ya milioni moja walivuka kuingia Zaire ya wakati ule, wakajaa Goma na Bukavu. Mume wako huenda aliwaona. Hakuna anayefaa zaidi kuliko yeye kumweleza mwanawe kwamba mtu anaweza kukasirikia jeshi, kundi la waasi, au uamuzi wa serikali, kwa sauti kubwa na kwa haki kabisa, bila kumhukumu mtu kwa lugha anayoongea au kwa pua yake. Hasira ya kijana isizimwe, ila ielekezwe kwa wanaostahili. Na baba akisikia neno la chuki likisemwa sebuleni na mgeni yeyote, hata mjomba mkubwa, ajibu mbele ya watoto, kwa adabu lakini kwa uwazi, kwa kuwa ukimya wa baba watoto wataupokea kama ridhaa.

Nimerudi kwa mume wako mara kadhaa, na si kwa bahati. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham walikuwa na vituo vya kulea watoto mjini London, jiji lilipokuwa likipigwa mabomu, nao waliona kwamba watoto wengi waliumizwa zaidi na kutenganishwa na mama zao kuliko na mabomu yenyewe, na kwamba mtoto aliyekuwa na mtu mzima mtulivu karibu yake alistahimili kelele za usiku vizuri zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Utulivu ninaousema si kuficha huzuni. Baba anaweza kutokwa na machozi mbele ya watoto wake, na hilo haliwavunji, alimradi awaambie sababu na waone kwamba baada ya machozi anaosha uso, anakula, na kesho yake anakwenda kazini. Kinachowavunja ni machozi yasiyoelezwa, na ukali wa ghafla usio na sababu wanayoijua. Nawe, Mama, utafute mtu wako wa kumlilia, dada au jirani, ili mtoto wako wa miaka tisa asije akawa ndiye anayekubembeleza.

Baba awape watoto wake pia Bukavu nyingine. Kwa sasa wanaujua mji huo kama mahali pa maiti peke yake. Awaeleze namna mji ulivyojitanda juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, uwanja aliochezea mpira, samaki wadogo waitwao sambaza waliokaangwa na mama yake, Kiswahili cha kwao ambacho watoto hucheka wakikisikia. Awaeleze habari za Hospitali ya Panzi, ambako daktari Denis Mukwege, mwenyeji wa Bukavu, alitibu maelfu ya wanawake waliojeruhiwa vitani hata akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Mtoto anayejua kwamba mahali palepale penye wauaji pana madaktari hubaki na picha sahihi zaidi ya dunia, tena si uongo wa kumfariji.

Wape na kitu cha kufanya. Mdogo achore picha ya binamu zake. Wa kati akusanye nguo zake zilizombana. Mkubwa asaidie kupiga hesabu ya fedha zitakazotumwa njia itakapofunguka, na asome habari za kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambayo imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996, aone kwamba nchi yake haikukaa kutazama. Shule, mpira, kazi za nyumbani na siku za kuzaliwa viendelee kama kawaida; watoto hawamkosei shangazi yao heshima kwa kucheka, na waambieni hivyo, hasa mkubwa, kwa maana vijana huona aibu kufurahi wakati wengine wanateseka.

Mfadhaiko wa wiki chache ni wa kawaida na mara nyingi hupungua nyumba ikitulia. Mtafuteni mtaalamu kama baada ya mwezi mmoja hivi hakuna nafuu: mtoto anakosa usingizi au anaota jinamizi karibu kila usiku, ameanza tena kujikojolea baada ya kuacha, anakataa chakula au shule, anashtuka kwa kila kishindo, amejitenga na rafiki zake, au alama zake zimeanguka ghafla. Anzeni kwa mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo hapa Tanzania, na wasomaji wangu wa Kenya wanayo namba hiyohiyo kwao. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Lakini kijana akisema, hata kwa utani, kwamba angependa asiwepo duniani, msihesabu wiki. Kaeni naye siku hiyohiyo na mpelekeni hospitali.

Imebaki habari ya wifi yako. Watoto wanajua kwamba simu haiiti, kwa hiyo semeni: "Hatujampata shangazi. Hatujui yuko wapi. Tunaendelea kumtafuta, na tukijua lolote tutawaambia siku hiyohiyo." Wakubwa wawili waelezwe pia kwamba simu isiyopatikana ina maana nyingi: mapigano yanapoingia mjini umeme hukatika, mitandao huanguka, betri huisha, na makumi ya maelfu ya watu wa Kivu Kusini walivuka kuingia Burundi mwezi huo wa Februari, wengi wao wakiacha kila kitu nyuma. Msiwaambie kwamba hakika yuko salama, na msiwaambie kwamba huenda amekufa. Kuishi na jambo lisilojulikana ni kugumu kuliko msiba wenye kaburi, nanyi mna haki ya kusema mbele yao kwamba ni kugumu.

Mume wako aende katika ofisi ya Msalaba Mwekundu na kuomba huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana, ambayo chama hicho hufanya kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Achukue majina kamili ya dada yake na watoto, miaka yao, mtaa walikoishi, na siku walipozungumza mara ya mwisho. Amchukue na mwanawe mkubwa waende wote.

Ikiwa habari itakuwa mbaya, waambieni watoto ninyi wenyewe, wote wawili, mkiwa mmekaa, kabla kundi la WhatsApp halijajaa rambirambi. Tumieni neno lenyewe: amefariki. Mdogo akiambiwa kwamba shangazi amelala ataogopa kulala, na akiambiwa amesafiri atamngoja, kisha ataogopa kila safari ya baba. Mwambieni kwamba mwili wa shangazi umeacha kufanya kazi na hatarudi, ndipo mwongeze yale ambayo imani yenu inafundisha. Wakae matangani pamoja na watu wengine, wakitaka. Na ikiwa siku moja simu itaita na ni yeye, wapeni watoto nafasi ya kusikia sauti yake kwanza, hata kwa dakika moja, kabla wakubwa hawajaanza kumuuliza habari za vita.